Kichujio Kisichochuja: Istilahi ya Upelekaji wa Pakiti

Katika istilahi za mitandao ya kompyuta, neno linalowatatiza wafasiri ni kichujio. Kwa kawaida ruta hutazama anwani iendako pakiti, kisha huipeleka kwa njia iliyoandikwa katika jedwali lake. Lakini mhandisi akitaka pakiti zitokazo katika idara fulani zipite njia nyingine, ingawa ziendako ni kule kule, huandika vifungu vinavyotazama anwani zitokako. Vifungu hivyo kwa pamoja ndivyo kichujio, nacho huzielekeza pakiti hizo kwenye jedwali la pili.

Hapa ndipo penye mashaka. Chujio la tui huzuia machicha. Kichujio hiki chaweza kisizuie kitu, bali kitenge tu, mfano wa karani wa posta achambuaye barua. Tulifikiria kipembuzi, lakini kichujio kimekwisha kuzoeleka, na si busara kuking'oa. Twapendekeza basi upelekaji kwa kichujio, na kitenzi kiwe kutenga, wala kisiwe kuchuja.

Mfasiri wa mwongozo aangalie jambo jingine, zito zaidi. Katika ruta za Juniper, pakiti isiyolingana na kifungu chochote cha kichujio hutupwa kimya kimya. Kwa hiyo kifungu cha mwisho hakina budi kuziruhusu zilizobaki. Mfasiri akiandika kwamba zilizobaki hupita zenyewe, idara nyingine zote zipitiazo hapo zitakatikiwa mawasiliano. Vilevile jedwali la pili lazima lipewe njia za violesura. Bila hizo, ruta haitajua imkabidhi nani pakiti.