Kuku wetu alitoka wapi?

Ndugu wanachama wa koperative, hapa Alimbongo mnatuuliza mara nyingi: kwa nini kuku anapenda kulala juu ya mti? Na kwa nini vifaranga wanatuishia wakati wa mvua? Jibu linaanzia mbali, katika misitu ya Asia.

Kuku wote, wa kienyeji na wa kisasa, wametoka kwa ndege wa msituni mwenye manyoya mekundu. Wataalamu wanamwita Gallus gallus. Hata leo anaishi Thailand, Myanmar na kusini mwa China. Mchana anachakura majani akitafuta wadudu na mbegu. Usiku anapanda mti, ju anaogopa wanyama wakali.

Hakuna aliyemfuata na kamba. Watu walikata msitu, wakalima mpunga na nafaka zingine, na ndege akafuata punje zilizoanguka. Mifupa ya kuku ya zamani sana ilipatikana Ban Non Wat, Thailand: ni ya kati ya mwaka 1650 na 1250 mbele ya Yesu. Kwetu Afrika, mifupa ya karibu mwaka 800 mbele ya Yesu ilipatikana Mezber, Ethiopia.

Basi, tujifunze mambo matatu.

Kwanza, kuku ni ndege wa nchi ya joto, na sisi tuko milimani kwenye baridi. Kifaranga wa wiki za kwanza hawezi kujipasha joto peke yake. Anahitaji mama yake, majani makavu chini, na banda lisilopitisha upepo wala mvua.

Pili, tuweke fito za kulalia ndani ya banda. Kuku atalala juu, mbali na mavi na unyevu.

Tatu, kuku amebadilika ju watu walichagua wazazi. Kuku wa kisasa anaweza kutaga karibu mayai 300 kwa mwaka, lakini wengi wao hawajui tena kulalia. Na sisi tunachagua kila siku, hata bila kujua. Wakati wa minervali tunauza jike mkubwa kwanza, ju ana bei nzuri. Wanaobaki kuzaa ni wadogo na dhaifu. Hivyo tunachagua kinyume!

Tuuze majogoo ya ziada. Jike anayelalia vizuri na kulea vifaranga wengi, abaki nyumbani. Jogoo wa kupandisha tubadilishane kati yetu wanachama, ili asipande watoto wake mwenyewe.