Mama wa munkoyo wa Kikula

Mwezi wa kumi, saa sita ya mchana, kila mtu katika soko za Likasi anatafuta kitu cha kunywa. Jua ni kali, vumbi iko kila pahali, mvua haijaanza. Ni saa hiyo tulimkuta mama tunayemwandika leo, katika komine ya Kikula, amekaa nyuma ya bidoni mbili za munkoyo. Moja ilikuwa tupu tayari. Alituomba tusitaje jina lake, sababu ndugu za marehemu bwana yake wanakaa karibu. Tunamheshimu.

Bwana yake alikuwa dereva wa kamyo kwenye barabara ya kwenda Kolwezi. Yeye aliuza samaki wa baridi, akitumia frigo waliyoinunua pamoja, na wakati wa mvua walilima mahindi upande wa Kambove. Bwana akafa. Watoto wanne wakabaki.

“Kilio haiyaisha, bakaingia mu nyumba, bakabeba frigo,” anatuambia. “Bakasema ni makuta ya ndugu yao njo ilinunua.”

Walitaka na nyumba. Hapo mama alitoa karatasi ya ndoa, ile ya etasivili, akaenda nayo kwa mkubwa wa mtaa. Ndugu wasomaji, tunasimama kidogo hapa. Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inampa mjane haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyoishi na bwana yake pamoja na vyombo vya ndani. Watoto ndio warithi wa kundi la kwanza. Ndugu za marehemu wako katika kundi la pili, na mjane mwenyewe yumo katika kundi hilo hilo, pamoja na wazazi wa marehemu. Kwa hiyo, shemeji hawezi kuja na kusema kila kitu ni chake. Lakini bila karatasi, kusema hayo mbele ya wakubwa ni kazi ngumu. Wengi kati yetu tumeoa kwa mila tu na hatujaandikisha ndoa mpaka leo.

Nyumba ilibaki. Frigo haikurudi. Walibishana sana kama frigo ya biashara ni chombo cha nyumba ao hapana, na mama akachoka kubishana kabla ya wao kuchoka.

Munkoyo ilikuja kwa sababu hiyo: haihitaji frigo, na umeme ukikatika haina shida. Alifikiria pia chikanda, maana wateja wanaipenda, lakini viazi vyake vya porini vinazidi kuwa adimu na bei inapanda. Munkoyo inaomba unga wa mahindi, maji, makala, na mizizi ambayo wamama wa vijijini wanaleta sokoni.

Namna anavyoifanya, tuliiangalia kwa macho. Anapika uji wa unga na kuuacha uchemke vizuri sana. Hapunguzi wakati huo ili kuokoa makala, sababu maji mabaya yanaleta magonjwa na muteja mmoja akiugua, soko lote litajua. Kisha anaepua na kungoja. Uji ukiwa vuguvugu, ndipo anatia mizizi iliyotwangwa. Ukiwa wa moto sana, nguvu ya mizizi inakufa na uji unabaki mzito kama ulivyokuwa. Ukifanya vizuri, unauona unalegea wenyewe na kuwa kama maji. Anachuja, anafunika, analala. Kesho yake iko tayari. Ikikaa siku nyingi inakuwa kali na inalewesha, na hiyo hawezi kuipa watoto wa masomo.

Mara mbili za kwanza alitupa beseni nzima, sababu alitia mizizi mapema. Alilia, anasema, kuliko siku ya kilio.

Hesabu yake ilitupendeza. Hahesabu kwa falanga, maana bei zinabadilika, anahesabu kwa makopo. Katika makopo kumi anayouza, manne ni ya unga, mawili ya makala, moja ya mizizi na sukari. Yanabaki matatu, ya kula na ya masomo. Unga ukipanda, ule wa nne unakuwa wa tano, na anajua mara moja nani ataumia.

Kwa hiyo alitaka kununua mahindi mwezi wa tano, wakati wa mavuno, asingoje mwezi wa pili ambapo gunia linauma. Akaenda kwa koperative ambako walikuwa wanapeleka mahindi yao. Wakamjibu kwamba mwanamemba ni bwana yake, na bwana yake amekufa. Shamba alililima yeye, palizi alifanya yeye, lakini katika kitabu cha memba jina lake halikuwemo.

Hatutaji koperative hiyo. Tunaona aibu kidogo, sababu vitabu vya namna hiyo tunavikuta pahali pengi. Tangu mwaka 2016 mke aliyeolewa haombi tena ruhusa ya bwana ili kufanya mapatano mbele ya sheria. Ni nini basi inazuia kuandika majina yote mawili leo, wakati wote wangali hai? Fungueni kitabu muangalie.

Ilichukua mikutano mitatu kabla hawajamwandika. Aliingia kama memba mpya, akalipa sehemu yake kidogo kidogo. Sasa anapata magunia wakati wa mavuno, anayakausha tena juani na kuyapanga juu ya mbao, mbali na ukuta. Mwezi wa sita na wa saba, wakati wa baridi, munkoyo haitoki vizuri. Anapika mikate na chai asubuhi, na bidoni inakuwa moja tu.

Tulipokuwa tunaagana, mwanaume mmoja alisimama na kuomba kopo mbili. Mama alimsalimia kwa heshima, akamimina, akanyoosha mkono. Alipoondoka tulimuuliza ni nani.

“Njo ule wa frigo,” akasema, akiweka makuta mu kitambaa. “Analipaka.”