Nuru Isiishie Safu ya Mbele

Visiwa vyetu havina tena uhaba wa picha. Mkutano wa shehia hupigwa picha, mahafali ya skuli hupigwa picha, na arusi isiyo na mpiga picha huhesabiwa kuwa haikukamilika. Ranchhod Oza alipofungua studio yake ya Capital Art mjini Unguja mwaka 1930, kupigwa picha lilikuwa jambo la kuvaliwa nguo mpya na kufungiwa safari. Leo kijana wa Makunduchi au wa Chake Chake anayo kamera mkononi mwake, na jambo hilo ni la heri. Kazi iliyokuwa ya wachache imewafikia wengi.

Hata hivyo, wingi si ubora. Yatazameni mabango ya matangazo katika maofisi yetu, penye picha za mikutano iliyofanyika usiku au ndani ya kumbi. Mgeni rasmi na waliokaa naye mbele wanaonekana, tena wameng'aa kupita kiasi. Wavuvi, wakulima wa mwani na mama wa vikundi vya ushirika waliokaa nyuma wamekuwa vivuli. Macho yao ndiyo yanayoonekana, na pengine hata hayo hayaonekani. Miaka 50 baadaye atakayeifungua picha hiyo atasema kwamba mkutano ulihudhuriwa na watu watano. Kumbukumbu ya namna hiyo si ya kweli, na kosa si la waliohudhuria. Kosa ni la taa.

Sababu yake ni ya hesabu nyepesi. Mwanga wa taa ndogo hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali. Aliye mbali mara 2 hupata robo ya mwanga, na aliye mbali mara 3 hupata sehemu 1 tu kati ya 9. Basi flashi ikiwa juu ya kamera, na safu ya kwanza ikiwa mita 2 kutoka kwake na safu ya mwisho mita 6, wale wa nyuma wanapata sehemu moja ya tisa ya kile walichopata viongozi wao. Kamera haikukusudia ubaguzi, lakini matokeo yake ni ubaguzi.

Hata kwa mtu mmoja aliyekaa peke yake taa hiyo haifai. Humpiga usoni moja kwa moja, ikaufuta mwinuko wa pua na mashavu, ikaacha paji la uso likimeremeta kama sahani, na ukutani ikachora kivuli kikali nyuma ya kichwa. Kwenye giza macho hutoka mekundu, kwa kuwa mwanga huingia ndani ya jicho na kurudi kwa njia ile ile hadi kwenye lenzi. Lugha yetu imelipa neno "mwanga" maana mbili, ya nuru na ya mchawi. Mpiga picha asiyeijua taa yake huwafanyia watu kazi ya yule wa pili.

Dawa yake ni kuiondoa taa juu ya kamera. Flashi nyingi huweza kuwashwa kwa waya au kwa kifaa kidogo cha redio kinachokaa juu ya kamera, nayo taa ikasimama kwenye stendi au mkononi mwa mwenzako. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Na kazi hii ni ya watu wawili, mmoja wa kamera na mmoja wa taa, hasa kwetu ambako upepo wa kusi huangusha stendi na mwavuli kwa pamoja.

Anayeanza na ashike utaratibu. Kwanza aziweke kamera na taa katika hali ya kupangwa kwa mkono, wala asiziachie zijipangie zenyewe. Aanze na ISO 200, kasi ya sekunde 1/125, na tundu la lenzi la f/5.6. Apige picha ya kwanza bila ya flashi, aone mwanga wa mahali penyewe umempa nini. Kisha aiwashe taa kwa nguvu ya 1/8, ikipitia katika mwavuli mweupe, kiasi cha mita 1 na nusu kutoka kwa mpigwa picha. Uso ukizidi kung'aa, apunguze nguvu ya taa. Ukiwa na giza, aongeze. Asibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja, kwani hatajua lipi lililomfaa.

Hapa ndipo penye siri ya fani nzima. Picha ya namna hii hupokea mianga miwili, ule wa mahali na ule wa taa. Mwako wa flashi ni mfupi mno, mara nyingi chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa hiyo kuifungua kamera kwa muda mrefu au mfupi zaidi hakuugusi mwanga wa taa. Hubadilisha ule wa mahali tu. Tundu la lenzi hubadilisha yote mawili. Akitaka anga la magharibi lionekane nyuma ya mzee aliyekaa barazani, apunguze kasi. Akitaka lififie, aiongeze. Lakini kamera nyingi zina mpaka wa sekunde 1/200 au 1/250. Ukiuvuka kwa flashi ya kawaida, pazia la kamera huifunika sehemu ya picha, ikatoka nyeusi.

Mahali pa taa ni upande mmoja wa uso, baina ya mbele na ubavuni, juu kidogo ya kichwa, ikiinamishwa. Atazame shavu la upande wa pili: ikitokea pembetatu ndogo ya nuru chini ya jicho, taa imekaa. Alama hiyo huitwa kwa jina la Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17. Mzee akivaa miwani na taa ikaonekana katika vioo, taa ipandishwe au isogezwe pembeni zaidi, kwani nuru hurudi kwa pembe ile ile iliyoingilia. Somo hilo la kurudi kwa nuru lilichunguzwa kwa kina na Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra wa karne ya 10, katika Kitab al-Manazir. Elimu ya nuru si ngeni kwa watu waliolelewa na vyuo.

Yafaa ieleweke pia kwamba uso mweusi hauhitaji kumwagiwa mwanga mwingi. Unahitaji mwanga mpana. Taa ndogo ikiwa tupu huacha doa moja kali juu ya ngozi. Taa ile ile ikipita katika mwavuli au shuka nyeupe, au ikielekezwa kwenye ukuta uliopakwa chokaa na kurudi, huteremka usoni taratibu na kuchora shavu, taya na mikunjo ya umri. Nyumba zetu za mawe zimejaa kuta za namna hiyo, na hazikodishwi. Tuukumbuke na historia. Kwa miaka mingi maabara za filamu zilipima rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley, na rangi zetu hazikuwamo katika hesabu hiyo. Kamera za leo zimesogea mbele sana, lakini mpiga picha anayeiachia mashine iamue kila kitu bado anaamuliwa na wengine.

Mfano ni kanzu. Kamera inayojipima yenyewe ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Kanzu ikatoka ya kijivu na uso ukawa giza. Mbele ya buibui jeusi hufanya kinyume chake, na uso ukapauka. Basi kipimo kiwe ni uso, si nguo. Taa ipandishwe na kuelekezwa juu kidogo, ili katikati ya mwanga paangukie usoni na ukingo wake tu uifikie kanzu.

Sasa turudi kwa wale wa safu ya nyuma. Watu wanaokaa kwenye benchi, taa ikiwa mita 1 kutoka kwa wa kwanza na mita 2 kutoka kwa wa pili, wa kwanza hupata mara 4 ya mwenzake. Taa ile ile ikirudishwa nyuma, ikawa mita 4 kutoka kwa wa kwanza na mita 5 kutoka kwa wa pili, tofauti hushuka hadi mara moja na nusu hivi. Nguvu ya taa itabidi iongezwe, lakini mgawo utakuwa wa haki. Ukumbini, taa ikipandishwa juu na kuelekezwa kwenye dari jeupe, nuru huwashukia wa mbele na wa nyuma kwa kadiri inayokaribiana.

Kazi hii ina adabu zake. Mtu aombwe ruhusa kabla ya kamera kuinuliwa, na aambiwe kwamba taa itawaka, hasa mzee mwenye macho dhaifu na mama mwenye mtoto mchanga. Aonyeshwe picha yake, na akikataa isitumike, isitumike.

Kwa vijana wetu tunashauri waungane wawili au watatu na kununua taa moja, wajizoeze wao kwa wao kabla ya kulipwa, na waitunze taa hiyo katika kopo linalofunga vizuri, maana unyevu na chumvi ya bahari huila mitambo kimyakimya. Kwa maofisa wa Serikali na wa Chama tuna ombi moja. Aghalabu mpiga picha huitwa dakika ya mwisho, mkutano ukivunjika, viongozi wakielekea kwenye magari. Apewe robo saa kabla ya shughuli aiweke taa yake na kuipima. Apewe pia orodha ya vikundi vilivyohudhuria, avipige kimoja kimoja, na majina ya waliomo yaandikwe pamoja na picha, kuanzia wale wa safu ya mwisho.