Lori Kuukuu na Kazi Yake ya Pili

Lori la mizigo halimalizi umri wake siku ile linapouzwa na tajiri wake wa kwanza. Katika nchi za Ulaya na Marekani makampuni ya uchukuzi huyabadilisha malori yao kwa ratiba, kabla matengenezo hayajaanza kula faida. Injini ya dizeli iliyoundwa kwenda mamia ya maelfu ya kilomita huwa bado ina uhai, na fremu ya chuma huwa bado imenyooka. Kilichoshuka ni bei. Hapo hujitokeza mnunuzi wa aina ya pekee: mpenzi wa mashindano ya magari mwenye kipato cha kawaida, fundi wa mikono yake mwenyewe, ambaye hulichukua lori hilo akaligeuza kuwa nyumba yake ya safari na banda la gari lake la mashindano.

Ndugu msomaji asidhani kuwa huo ni ubadhirifu mtupu. Gari la mashindano aghalabu haliruhusiwi kutembea barabarani, kwani halina taa wala namba, na matairi yake hayakutengenezwa kwa njia ya kawaida. Ni lazima libebwe. Viwanja navyo viko mbali, pengine safari ya siku nzima, na mwenye gari huandamana na mafundi wawili watatu, vyombo vya kazi, matairi ya akiba na mafuta. Akiwalaza wote hotelini kila mwisho wa juma, atakuwa ameliuza gari lake kabla ya msimu kwisha. (Sisi wa visiwani tumesalimika na gharama hiyo, maana ngalawa hujipeleka yenyewe mashindanoni.) Matajiri wa mchezo huo hawakuanza na lori kuukuu. Kiwanda cha Mercedes-Benz kilijiundia mwaka 1955 gari maalumu la kubebea gari moja la mashindano, lenye injini ya gari la michezo aina ya 300 SL, ambalo liliweza kwenda zaidi ya kilomita 160 kwa saa likiwa na mzigo mgongoni. Lilivunjwa kuwa chuma chakavu mwaka 1967. Wanyonge wa mchezo huo ndio waliobaki na malori ya mitumba, na kwa maoni yangu wao ndio wenye mengi ya kutufunza.

Mpango wa kazi yao kwa kawaida ni huu. Chumba cha dereva huachwa kama kilivyotoka kiwandani. Nyuma yake hujengwa makao: vitanda vya kupandana, jiko dogo, karo, tangi la maji, na mahali pa haja. Kisha husimamishwa ukuta, na nyuma ya ukuta huo huwa banda la gari lenye mlango unaolala chini ukawa ulalo wa kupandishia. Wengine hukata shauri makao yakae juu ya lori, na gari la mashindano livutwe nyuma kwa tela.

Kazi nzito haimo katika mapambo hayo, bali katika hesabu. Kila lori lina kibao cha kiwandani kinachoeleza uzito wa juu unaoruhusiwa kwa gari zima na kwa kila ekseli. Hilo ndilo neno la mwisho, wala halibadiliki kwa sababu mwenye gari ameongeza bamba katika springi. Tuchukue mfano. Kibao kinasema kilo 7,500. Fundi amekwisha kujenga makao yake, amepaka rangi, amelipima lori tupu na kukuta kilo 5,200. Gari la mashindano kilo 1,200. Vyombo vya kazi, matairi na mafuta kilo 400. Maji lita 300, ambayo ni kilo 300 kamili, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja. Watu wanne na mabegi yao kilo 320. Jumla ni kilo 7,420. Zimebaki kilo 80 tu, na mke wa mwenye gari bado hajapakia vyombo vyake vya jikoni. Fundi aliyejenga kwa mbao nene zaidi, kwa nia njema ya kuimarisha kazi yake, angekuwa amekwisha kuvuka mpaka kabla ya safari ya kwanza, na asingejua.

Hata jumla ikiwa halali, mahali pa mzigo ni suala jingine. Mzigo uliokaa nyuma ya ekseli ya nyuma hufanya kazi ya wenzo: huikandamiza nyuma na kuinyanyua mbele. Magurudumu ya mbele yakipungukiwa na uzito, usukani huwa mwepesi mikononi, na wepesi huo ambao dereva asiyejua hufurahia ndio unaomtoa barabarani kwenye kona yenye maji. Kwa hiyo mafundi wazoefu huweka matangi ya maji na vitu vizito katikati ya ekseli mbili, chini kabisa, na kabati za juu wakaziachia nguo na mikate.

Halafu kuna chesisi yenyewe, yaani vile vyuma viwili virefu vinavyobeba kila kitu. Watu hudhani kuwa chuma kile hakinyumbuki. Hunyumbuka, na kimekusudiwa kinyumbuke: gurudumu moja likiingia shimoni, fremu nzima hujipinda kidogo. Ukijenga juu yake chumba kigumu na kukikaza kwa bolti kila mahali, ama kuta zitapasuka ama fremu itachoka. Ndiyo sababu watengenezaji wa malori hutoa vitabu vya maelekezo kwa wajenzi wa bodi, vikionyesha ni wapi panapotobolewa na ni wapi pasipoguswa kwa keekee wala kwa moto wa kuchomelea. Kutoboa ukingo wa juu au wa chini wa chesisi ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Na anayetaka kurefusha chesisi ajue kwamba anarefusha pia shafti ya kupelekea nguvu nyuma, mabomba ya breki na nyaya za umeme.

Juu ya moshi na gesi nitasema machache. Mvuke wa petroli na gesi ya kupikia vyote ni vizito kuliko hewa, hutambaa sakafuni vikitafuta cheche. Kwa hiyo ukuta wa banda hauna budi kuziba kabisa, na sanduku la mtungi wa gesi liwe na tundu chini, upande wa nje. Moshi wa jenereta unayo sumu isiyo na harufu ambayo huua watu usingizini. Na abiria wakae katika viti vyenye mikanda gari linapotembea. Kitanda ni cha gari lililosimama.

Serikali za huko hazikuliacha jambo hili liende ovyo. Uingereza, aliyefaulu mtihani wa gari dogo kabla ya tarehe 1 Januari 1997 anaruhusiwa kuendesha lori la hadi tani 7.5, waliofuata huishia kwa kawaida tani 3.5, mpaka wafanye mtihani mwingine. Marekani, kufuatana na sheria ya mwaka 1986, gari la biashara linalozidi ratili 26,000, yaani takriban kilo 11,800, huhitaji leseni maalumu. Hapo ukazuka mjadala wa kupendeza: je, mwenye lori la mashindano anafanya biashara? Miongozo ya serikali yao imesema kwamba anayebeba mali yake mwenyewe bila ya malipo, asiye na wafadhili wa makampuni, wala hakatii kodi gharama za mchezo kama gharama za biashara, si mfanyabiashara hata kama ameshinda zawadi ya fedha. Maofisa wetu wapendao kusema kuwa sheria haiwezi kutenganisha mambo yanayofanana wangefaidika kuisoma miongozo hiyo.

Lakini haya yanatuhusu nini sisi wa Unguja na Pemba, tusio na viwanja vya mashindano ya magari? Yanatuhusu sana. Kugeuza lori kuukuu kulipa kazi ya pili si jambo tulilolisikia redioni. Mafundi wetu wamelifanya kwa miongo mingi, na bidhaa yao ni gari la mbao: lori dogo, siku hizi aghalabu limetoka Japani likiwa limetumika, likaondolewa sanduku lake la mizigo na kujengewa bodi ya mbao yenye madirisha wazi, viti virefu vya kuelekeana, mlango wa nyuma, na paa la kupakia ndizi, makaa na baiskeli. Gari hilo limewapeleka wagonjwa hospitali, wanafunzi skuli na samaki sokoni, katika vijiji ambavyo basi la kiwandani lilikuwa haliingii.

Na tuwape mafundi haki yao. Bodi ya mbao iliyoungwa vizuri hunyumbuka pamoja na chesisi. Lile tatizo la kuta kupasuka, ambalo mwenzao wa Ulaya hulisomea vitabu, wao wamelitatua kwa kurithishana kazi. Mbao hutengenezeka kijijini, na madirisha wazi yanafaa kwa hali yetu ya hewa. Asiyeyaona hayo, akatamka kwamba magari haya yote ni takataka za kuondolewa kwa amri ya siku moja, hajapata kusubiri gari alfajiri na kapu la samaki miguuni.

Hata hivyo, ninaposimama pembeni mwa barabara ya kusini, pale penye miembe ya Bi Khole, nikaliona gari linapita huku mzigo wa juu ukikwangua matawi na vijana wananing'inia nyuma, najiuliza ni nani aliyelipima. Paa linajazwa kwa macho, na watu hupakiwa maadamu pana pa kushika. Kila kilo inayowekwa juu ya paa hupandisha uzito wa gari mbali na barabara, na vijana walioko nyuma ya ekseli wanafanya ile kazi ya wenzo niliyoieleza. Abiria waliokaa ubavu, bila mkanda, hurushwa wote upande mmoja gari likilala. Hewa ya chumvi nayo hula chesisi kwa ndani huku rangi ya nje inang'ara. Fundi mwaminifu huligonga kwa nyundo akasikiliza mlio.

Visiwa hivi vinajua gharama ya chombo kilichopewa kazi isiyokuwa yake. Meli ya MV Skagit ilijengwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya maji yaliyokingwa ya Puget Sound. Tarehe 18 Julai 2012 ilizama katika bahari yetu ya wazi, karibu na Chumbe, na wengi miongoni mwa wasomaji wa safu hii walizika jamaa zao. Barabara huchukua watu wachache kwa mara moja kuliko bahari, kwa hiyo haitushtui.

Ninalopendekeza kwa wahusika halihitaji mkopo wa nje. Kila lori linalogeuzwa gari la abiria lipimwe tupu, ekseli moja moja, siku fundi anapomaliza, kabla halijapewa leseni ya njia. Uzito huo uchorwe mlangoni pamoja na uzito wa kibao cha kiwandani, idadi ya abiria, na kilo zinazoruhusiwa juu ya paa. Jina la karakana liandikwe hapo hapo, ili fundi bora ajulikane na fundi mbovu aulizwe. Karakana zenyewe zipewe vile vitabu vya maelekezo vya watengenezaji, vilivyofasiriwa kwa Kiswahili na walimu wa vyuo vyetu vya ufundi, na wazee wa kazi waitwe kufundisha humo, maana habari za namna mbao inavyokubali kupindwa hazimo katika vitabu hivyo. Magari yaliyokwisha kuingia njiani yapewe muda, tuseme mwaka mmoja, yapite mizani kwa zamu, wilaya baada ya wilaya, yakianza yale ya njia ndefu za kaskazini na kusini, ambayo ndiyo yanayobeba zaidi juu ya paa.