Msafara wa Baiskeli Ukipita, Mtoto Wako Yuko Kwenye Orodha?

Huenda umewaona: waendesha baiskeli waliovaa fulana za rangi moja zenye nembo ya benki au kampuni ya bima, wakipita asubuhi na mapema huku ambulensi ikiwafuata. Baadhi ya misafara hiyo huchangisha fedha za kuwasaidia watoto wenye ulemavu. Makala haya yanaeleza fedha hizo hupatikana vipi, hufanya kazi gani, na mzazi wa hapa Mombasa afanye nini ili mtoto wake asikose kufikiwa.

Kila mwendeshaji hulipa ada ya kujiandikisha, kisha huwaomba jamaa na wafanyakazi wenzake wamchangie. Kampuni nazo hutoa udhamini, na nyingine huongeza shilingi kwa kila shilingi iliyochangwa na wafanyakazi wao. Humo hutolewa gharama za siku yenyewe: maji, ambulensi, walinzi wa njia, na fulana, ambazo hula pesa nyingi kuliko watu wanavyodhani. Waandaaji makini humtafuta mdhamini mmoja abebe gharama hizo, ili mchango wa mwananchi umfikie mtoto ukiwa mzima.

Kinachopigwa picha zaidi ni kiti cha magurudumu. Lakini kiti hupimwa kama kiatu. Mtoto wa miaka 5 akikalishwa kwenye kiti cha mtu mzima huegemea upande mmoja, mgongo ukazidi kupinda, na anaweza kupata vidonda. Mwenye mtindio wa ubongo mara nyingi huhitaji kiti kinachoshikilia kichwa na kiwiliwili. Akikua, kiti hubadilishwa. Pia, kiti ambacho fundi wa baiskeli wa mtaani anaweza kukirekebisha kinafaa kuliko cha kupendeza ambacho vipuri vyake hutoka ng'ambo.

Chukua pia mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda. Akipelekwa hospitalini mapema, mguu hunyooshwa kidogo kidogo kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, kwa kawaida 5 au 6. Baada ya hapo huvaa viatu maalum wakati wa kulala hadi afike miaka 4 hivi. Plasta huisha kwa miezi michache. Nauli na viatu ndivyo huwashinda wazazi wengi katikati ya safari. Kwa hivyo kampuni inayowasimamia watoto 10 kwa miaka 4 huenda ikasaidia zaidi ya ile inayogawa viti 50 kwa siku moja na kuondoka.

Kampuni inayopanga msafara iwajulishe polisi mapema, na ijue barabara ni ya nani. Barabara kuu, kama ile ya Mombasa kwenda Malindi, ziko chini ya mamlaka ya KeNHA. Barabara za kaunti ni jukumu la kaunti. Kuchangisha pesa kutoka kwa umma huhitaji leseni. Na wenye ulemavu wasiachwe kando ya barabara kupunga mikono tu. Douglas Sidialo, aliyepoteza macho katika shambulio la bomu la Nairobi mwaka wa 1998, aliendesha baiskeli ya watu wawili kutoka Cairo hadi Cape Town.

Sasa kwa mzazi na mlezi. Waandaaji huwapata watoto kupitia shule maalum, hospitali na mashirika. Mtoto anayefichwa nyumbani hayumo katika orodha yoyote. Hata sensa ya 2019, iliyopata asilimia 2.2 ya Wakenya kuwa na ulemavu, ilihesabu walio na miaka 5 na zaidi. Wachanga, ambao matibabu ya mapema huwafaa mno, hawamo katika takwimu hiyo.

Mpeleke mtoto afanyiwe tathmini katika hospitali iliyoidhinishwa, kisha umsajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Beba cheti chake cha kuzaliwa na kitambulisho chako. Usajili huo hukuwezesha kuomba kifaa kupitia hazina ya Baraza bila kungoja msafara wa mtu yeyote, kwa sababu Kifungu cha 54 cha Katiba kinaitambua kuwa haki yake. Mwenye umri wa kwenda shule apelekwe pia kwenye kituo cha tathmini ya elimu, ambako ataelekezwa shule inayomfaa.