Nani Apange Bei ya Dozi?

Nauza dawa katika duka la dawa muhimu kijijini, wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma. Wakubwa wakibishana kama serikali ibane bei za matibabu au iliachie soko, mimi huwaza kaunta yangu. Mzee anaingia anakohoa: "Mwanangu, nipatie amoksilini za buku." Namwambia, "Mzee wangu, dozi haikatwi, ukimeza nusu ugonjwa utarudi." Anajibu kwamba buku ndiyo aliyo nayo.

Mteja huyu ndiye anayeifanya biashara ya afya iwe tofauti na nyingine. Nyanya ikioza ataiona na kuhamia genge la pili. Kidonge hawezi kukipima kwa jicho, ugonjwa haumpi nafasi ya kuzunguka akiuliza bei, na anayemshauri anunue nini ndiye huyohuyo anayemuuzia. Mwaka 1963 mchumi wa Marekani, Kenneth Arrow, aliandika kuhusu jambo hili: katika matibabu, muuzaji anajua mengi kuliko mnunuzi, na hakuna ajuaye ataugua lini. Ushindani peke yake haumlindi mtu wa namna hiyo.

Lakini Tanzania tumejaribu pia njia ya kulifungia soko mlango. Sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku hospitali binafsi za kibiashara. Zilizobaki ni za serikali na za mashirika ya dini. Nia ilikuwa njema, mtu asitajirike kwa ugonjwa wa mwenzake. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, serikali ilielemewa, na zahanati nyingi zikakosa dawa. Mwaka 1991 sheria ikalegezwa, hospitali binafsi zikarudi, na kuanzia 1993 hata hospitali za serikali zikaanza kuwachangisha wagonjwa. Huduma ya bure isiyo na dawa nayo ina gharama: mgonjwa anaandikiwa karatasi na kuambiwa akanunue nje.

Huko nje kulikuwa na maduka ya dawa baridi. Kisheria yaliruhusiwa kuuza dawa ndogondogo zisizohitaji cheti cha daktari. Kwa kweli mengi yaliuza hata zilizokatazwa, kwa sababu watu walizihitaji na famasi ilikuwa mjini. Kuyafunga yote kungewaacha wanakijiji mikono mitupu. Mwaka 2003 serikali ikachagua njia nyingine, ikaanzia hapahapa Ruvuma: muuza dawa apewe mafunzo, duka lisajiliwe na kukaguliwa, na kwa masharti hayo liruhusiwe kuuza baadhi ya antibayotiki na dawa za malaria. Mpango huo wa maduka ya dawa muhimu, kama hili langu, ukaenea nchi nzima. Duka likabaki mali ya mfanyabiashara, naye aliyafuata masharti kwa sababu yalimfungulia bidhaa zenye wateja.

Bei nayo ina funzo lake. Dawa ya mseto ya malaria ilipoanza kutumika nchini mwishoni mwa 2006, ilikuwa ghali mno madukani. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne asubuhi na vinne jioni, kwa siku tatu. Kisha kupitia mpango wa kimataifa wa ruzuku, gharama zikapunguzwa kuanzia kiwandani, na pakiti zikaja na alama ya jani la kijani. Bei ikashuka hadi vijijini. Waliobeba maboksi hayo kwa basi na bodaboda walikuwa wafanyabiashara, kila mmoja akipata faida yake.

Kupanga bei kwa amri tu kuna hatari yake. Machi 2024, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, baadhi ya hospitali binafsi zilisema bei zilizopangwa humo hazikidhi gharama zao, zikasitisha kuwahudumia wanachama. Mfuko una haki ya kulinda fedha za wanachama dhidi ya ankara zilizoongezwa chumvi, na hospitali ina mishahara ya kulipa. Walipovutana, aliyeumia ni mgonjwa aliyefika mapokezi na kadi halali.

Kwa hiyo nasema wazi: serikali ikague ubora bila huruma, inunue kwa wingi ili bei ishuke, na imlipie asiye na uwezo. Ikipanga bei, ihesabu pia nauli na pango la duka, isije ikazifukuza dawa kijijini. Sisi wauzaji nasi tubandike bei ukutani, kila mteja azisome kabla ya kufungua pochi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kipimo chake kwangu ni kimoja: yule mzee apate dozi kamili, hata siku ambayo mfukoni ana buku tu.