Miguu Yenye Ganzi: Tiba ya Nyumbani Inahitaji Jicho la Mtaalamu

Wagonjwa wengi wa kisukari wanaokuja kliniki wakilalamika kuwa nyayo zinawaka moto huwa wamekwisha kujitibu nyumbani kwa miezi. Jioni beseni la maji ya moto na chumvi, kisha kuchuliwa kwa mafuta ya karafuu, na vidonge vya vitamini B kutoka duka la dawa. Wanataka kujua kipi waendelee nacho. Mimi huanza kwa kuwaomba waache beseni.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu kwanza neva ndefu kuliko zote, zile zinazofika vidole vya miguu. Ndiyo maana ganzi huanzia huko na kupanda taratibu. Neva hizohizo ndizo zinazopaswa kukuonya kwamba maji yanaunguza. Mtu huchovya miguu akiona raha, asubuhi akakuta malengelenge. Hapa Dar es Salaam, Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake wamewahi kuchapisha taarifa za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala, wasihisi kitu.

Kwa hiyo lazima mtu mwingine apime hisia iliyobaki. Kipimo chenyewe ni rahisi: uzi wa nailoni unaopinda ukikandamizwa kwa nguvu ya gramu 10. Mgonjwa hufumba macho, nasi tunaugusisha kwenye kidole gumba na sehemu nyingine za unyayo, naye anasema anapouhisi. Asiyeuhisi amepoteza ulinzi wake, hata kama haumwi popote. Hapa ndipo huwa naona huruma zaidi, kwa sababu wapo wanaofurahi kwamba moto umeisha wakiamini wamepona, kumbe neva zimezidi kufa.

Kisha tunatafuta chanzo. Mwenye kisukari anaweza kupata ganzi kwa sababu nyingine kabisa: pombe, VVU, ukoma, au isoniazidi ya kutibu kifua kikuu, dawa ambayo hupunguza vitamini B6 na ndiyo maana mara nyingi hutolewa pamoja na piridoksini. Metformini yenyewe, ikitumiwa kwa miaka mingi, inaweza kushusha vitamini B12. Aliyepungukiwa nayo atasaidiwa sana na sindano au vidonge vyake. Asiyepungukiwa atakuwa anatupa fedha. Na B6 ikizidishwa kwa muda mrefu huharibu neva zilezile tunazotaka kuziokoa. Maduka huuza vidonge hivi bila kuuliza lolote, jambo linalonisikitisha.

Dawa za maumivu zipo. Amitriptilini kwa dozi ndogo usiku huwapa wengi usingizi, na bei yake si kubwa. Lakini kwa mzee mwenye ugonjwa wa moyo au anayepata shida kukojoa inaweza kuleta madhara makubwa, basi usiazime ya jirani. Tena hutuliza maumivu tu, haifufui neva.

Baada ya hapo, kazi kubwa inarudi nyumbani: kudhibiti sukari, na kukagua miguu kila jioni. Asiyeona vizuri, au asiyeweza kuinama, akaguliwe na mwanawe au mwenza wake, hadi katikati ya vidole. Miguu ioshwe kwa maji ya vuguvugu yaliyopimwa na mtu mwenye hisia kamili, ikaushwe, ipakwe mafuta ila si katikati ya vidole. Kiatu kikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Sugu isikatwe kwa wembe, tuachieni sisi. Mazoezi ya kuinua visigino ukiwa umeshika meza yanafaa, baada ya mtaalamu kukagua nyayo na kuona jinsi unavyosimama. Zile mashine ndogo za umeme za kupunguza maumivu zisiwekwe kwenye ngozi iliyokufa ganzi, wala zisitumiwe na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo.

Asiye na tatizo lolote la miguu apimwe mara moja kwa mwaka. Aliyepoteza hisia aje angalau kila baada ya miezi 6, na mapema zaidi kama aliwahi kupata kidonda. Ukiona kidonda, wekundu, uvimbe au joto kwenye mguu mmoja, njoo siku hiyohiyo hata kama hauumi. Na miguu ikilegea ghafla, udhaifu ukapanda ndani ya siku chache, nenda hospitali usiku huohuo: huo si mwendo wa ganzi ya kisukari, na unaweza kufika kwenye misuli ya kupumua.